Povu Kwenye Mchongoma

Kijana anayenikatia ua alikuwa ameshaanza kazi aliponiita. "Mama, na hiki kitambaa nikikate?"

Nilitoka mbio na kandambili za bafuni. Alikuwa amesimama mbele ya michongoma upande wa barabarani, panga limening'inia mkononi, anakitazama kipande cha kanga yangu kuukuu nilichokifunga kwenye tawi. Alikitazama kama mtu aliyeokota hirizi. Simlaumu. Ukikuta kitambaa chekundu kimefungwa kwenye ua wa jirani huulizi mara mbili, unapita upande wa pili wa njia.

"Hapo usikate," nikamwambia. "Chini yake kuna mayai."

"Mayai ya nini?"

"Ya vunjajungu."

Akanitazama mimi, akakitazama kitambaa, akacheka kwa adabu. "Haya mama. Ua ni wako."

Huu ni mwaka wa nne nafunga vitambaa, na maelezo ninayoyatoa pale getini yamezidi kuwa marefu. Mwenye bodaboda kauliza, mjumbe kauliza, wanafunzi wanaopita kwenda shule wanauliza kila wiki. Bora niandike mara moja, atakayeuliza nimtumie.

Mimi ni mtu wa Pangani. Kule kwetu vunjajungu si mdudu wa kuchezea. Bibi alituambia ukimgusa, chombo cha kwanza utakachokishika baada ya hapo kitakuponyoka kivunjike, na ndiyo sababu ya jina lake. Wagiriki walimwita mantis, yaani mtabiri, na watu wengi wa Ulaya walipoiona ile miguu ya mbele aliyoikunja wakasema anasali. Watu wa pwani wakaona hasara ya vyungu. Kila mtu na hofu yake. (Msichanganye na kuvunja jungu kwa mwisho wa Shaabani, ile karamu ya kuukaribisha Ramadhani. Ingawa ukimwona vunjajungu jike anavyokula, hata hilo lingemfaa.)

Kwa hiyo nilikua nawaogopa. Nilipohamia Dodoma na wenzangu wa serikalini mwaka 2017, nikapata kiwanja huku Mkonze, nikajenga vyumba viwili na kupanda michongoma kwa sababu sikuwa na pesa ya tofali za ukuta. Michongoma ikashika. Na kwenye michongoma wakaja wao.

Jioni moja ya mwezi wa nne, mvua zikielekea ukingoni, nilimkuta jike mmoja wa kijani, mkubwa kuliko kidole changu cha kati, amening'inia kichwa chini kwenye tawi. Tumbo lilikuwa limefura kama amemeza zabibu nzima. Ncha ya tumbo ilikuwa inakwenda kulia, kushoto, kulia, kushoto, kama mwiko unaokoroga uji, na kila inapopita inaacha povu jeupe. Hakuniangalia. Hilo peke yake lilinishangaza, maana vunjajungu ni mdudu anayekuangalia kwelikweli: anageuza kichwa akufuate, na ndani ya jicho kuna kidoa cheusi kinachoonekana kukukazia macho popote unaposimama. Siku hiyo hakuwa na habari nami. Nilibandika chai, ikachemka, nikanywa, nikarudi na tochi ya simu. Bado anakoroga.

Asubuhi hakuwepo. Povu lilikuwa limekauka, limegeuka rangi ya biskuti, gumu kiasi kwamba kucha haikuingia. Nilidhani ni uchafu wa ndege. Miezi mingi baadaye ndipo nilipofahamu kwamba lile povu ndiyo nyumba. Ndani yake mayai yamepangwa safu kwa safu, kila safu katika chumba chake, na katikati kwa juu kuna mstari wa milango myembamba ambayo watoto watatokea. Kutegemea aina ya vunjajungu, kifuko kimoja kinaweza kuwa na mayai makumi machache au mamia. Lile povu la nje limejaa vipovu vya hewa, basi linazuia joto, baridi na ukavu kama godoro, na mji huu hauhitaji kufundishwa habari za magodoro.

Mende naye hufanya hivyohivyo. Kile kidude cha kahawia kinachofanana na mbegu ya maharage kilichobandikwa nyuma ya kabati la vyombo ni kifuko cha mayai, kazi ya ukoo uleule. Vunjajungu, mende na mchwa ni ndugu. Nilipomwambia mama habari hii alisema hashangai hata kidogo.

Sasa kosa langu.

Mdogo wangu wa kiume anasoma Marekani, Pennsylvania. Januari ya mwaka 2021 alinitumia picha: kijiti kimetokeza kwenye theluji, na kwenye kijiti kuna povu kama la kwangu, limevaa kofia nyeupe ya barafu. "Dada, wadudu wako," akaandika. Akanieleza kwamba kule vunjajungu wakubwa wote hufa baridi inapoanza. Hakuna anayevuka. Kinachovuka ni mayai tu, ndani ya povu, miezi mitano au zaidi, mpaka baridi iishe na jua lirudi. Kwa aina nyingine, kama Mantis religiosa, yai limejiwekea kufuli: lisipopita kwanza kwenye baridi ya muda wa kutosha halianguliki sawasawa, hata ukilipatia joto. Ni kama mtu anayekataa kuamka mpaka alale usiku mzima.

Nilianza kusoma. Nikakuta watu wa nchi za baridi wana elimu kubwa ya kutunza vifuko hivi. Wanaokata vichaka vya bustani kabla ya baridi huambiwa wachunguze vijiti kwanza. Ukikuta kifuko kwenye tawi unalotaka kuliondoa, unalikata tawi pamoja nacho na kulifunga kwenye kichaka kingine, juu ya ardhi, mahali ambapo maji hayatuami. Wanaotaka kuvitunza kwa kusudi huviweka kwenye friji mpaka baridi iishe, na unyevu kidogo visikauke. Jambo moja wote wanalisisitiza: usikiingize kwenye nyumba yenye joto. Kuna familia zimeleta mti wa Krismasi sebuleni bila kujua una kifuko, na kabla mapambo hayajashushwa, vunjajungu mamia wakawa wanatembea kwenye mapazia, nje theluji, ndani hakuna hata inzi wa kula.

Nilisoma pia kwamba hata kule si kila povu linapendwa. Vunjajungu wakubwa wa Kichina walionekana mara ya kwanza karibu na Philadelphia mwaka 1896, wakasambaa, na leo mayai yao huuzwa madukani kwa wakulima wa bustani kama dawa ya wadudu. Dawa gani inayokula nyuki na vipepeo? Wale wakubwa hukamata hata vile vindege vidogo vya kule vinavyonyonya maua vikielea hewani. Wenye kupenda wadudu wa asili hufundishana kutofautisha: kifuko cha Mchina ni kinene na cha mviringo, cha vunjajungu wa asili ya kule, aitwaye wa Carolina, ni chembamba na kimelala bapa kwenye kijiti. Na juu ya hayo, mwaka 2014 huko huko Pennsylvania aligunduliwa mdudu mwingine mvamizi kutoka Asia, Lycorma delicatula, anayefyonza mizabibu. Wananchi wakahimizwa kukwangua mayai yake kila wanapoyaona. Mayai yale hufanana na tope lililokauka. Basi watu wenye bidii wakakwangua na povu la vunjajungu.

Haya yote niliyasoma. Lile neno la kutoingiza ndani nililisoma kwa macho yangu mawili. Lakini kichwani nikabaki na neno moja tu: baridi. Nikajiambia, hata sisi tuna baridi.

Na ni kweli tunayo. Mgeni anayeijua Dodoma kwa vumbi na jua hajalala hapa mwezi wa saba. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, upepo unavuma mchana na usiku bila kituo, na alfajiri joto hushuka mpaka nyuzi 13 au 14. Kwa mtu wa Pangani hiyo ni theluji. Nikawahurumia. Mwezi wa sita nikachukua mkasi, nikakata vijiti vitano vyenye vifuko, nikavitia kwenye chupa mbili za jamu. Vifuniko nikavitoboa kwa msumari. Nikaziweka juu ya rafu jikoni, karibu na jiko la gesi, ambako kuna joto zuri. Vifuko vitatu vilikuwa katikati kabisa ya miiba, mkono haukufika, nikaviacha na moyo uliniuma.

Mwishoni mwa mwezi wa saba mama alikuja kunitembelea. Nilikuwa kazini, simu ikaita.

"Wewe, umefuga sisimizi?"

"Sisimizi gani, mama?"

"Hawa wa kwenye chupa. Nimewakuta wanashuka ukutani, weusi, wengi, mpaka kwenye sukari. Nimewapiga dawa wote."

Nilikaa chini. Tunutu wa vunjajungu, yaani wale wachanga wasio na mabawa, katika aina nyingi hufanana sana na sisimizi siku za mwanzo. Wembamba, weusi, wenye haraka. Ni hila ya kujikinga: ndege wengi hawapendi sisimizi. Hila ile haikumhusu mama yangu na kopo la dawa ya mbu. Na matundu ya msumari, niliyoyatoboa ili wapate hewa, yalikuwa kwao mlango wa gereji.

"Mama, wale si sisimizi. Ni vunjajungu."

Kimya. Halafu: "Vunjajungu? Jikoni? Na vyombo vyote hivi?"

Kwa siku mbili alizobaki hakugusa sahani. Mwanangu aliosha vyombo asubuhi na jioni, na kila mara bibi yake alisimama mlangoni akihesabu.

Chupa ya pili ilifunguka wiki mbili baadaye, na mimi nikiwepo. Hao niliwabeba mbio nikawamwaga kwenye michongoma, nikajipongeza. Lakini ulikuwa mwezi wa nane. Michongoma ilikuwa imebaki vijiti na vumbi. Hakuna chawa wa mimea, hakuna inzi wadogo wanaofuata majani mabichi. Tunutu wa vunjajungu anaanguliwa akiwa mwindaji tayari, hana maziwa wala majani ya kumsogeza, na kama hakuna cha kuwinda, aliye karibu naye ni ndugu yake. Siku ya nne nilihesabu saba. Siku ya kumi sikuona hata mmoja.

Mayai hayana kalenda. Yanapokea joto siku kwa siku, na yakishatimiza kiasi chake mtoto anatoka, hata kama nje hakuna karamu. Wanaofuga wale vunjajungu wakubwa wa Afrika wa jamii ya Sphodromantis wanajua kwamba ukiwapa joto na unyevu, kifuko hufunguka ndani ya wiki chache tu. Mimi nilikuwa nimewapikia. Kile nilichokiita hifadhi kilikuwa jiko.

Vile vitatu vilivyonishinda kufika? Kimoja kilitoweka, sikuona hata alama. Kimoja nilikikuta na vitundu vya mviringo pembeni, kama kimechomwa kwa sindano, nami nitakuja kwenye hivyo. Cha tatu kilikaa pale pale, kikapigwa na upepo wa kipupwe, kikapigwa na jua la Oktoba linalopasua midomo, kikafunikwa vumbi la magari mpaka kikafanana na tope. Mvua za kwanza zikaja Desemba. Siku chache baada yake, asubuhi kwenye saa moja na nusu, nikaona kitu kama ndevu kimening'inia chini yake.

Walikuwa wanatoka. Kwanza kama vijifunza vya rangi ya majani makavu, miguu imebanwa mwilini, wanajisukuma kupitia ule mstari wa katikati na kuning'inia kwa uzi mwembamba. Wakishaning'inia wanavua ngozi ya kwanza hapohapo hewani, wanakunjua miguu, na dakika chache baadaye wanapanda juu ya migongo ya wenzao. Nilichelewa kazini. Michongoma ilikuwa imechipua majani mapya na kila jani lilikuwa na kitu kidogo kinachotembea juu yake. Kufikia adhuhuri wote walikuwa wametawanyika, limebaki fundo la ngozi tupu likipepea. Kifuko chenyewe ukikitazama hakijabadilika. Ndiyo maana watu huweza kulinda ganda tupu mwaka mzima, nami nimeshafanya hivyo.

Nilichokuwa nimekosea ni kutafuta majira ya baridi mahali ambapo hayapo. Dodoma hupata mvua milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei mpaka Novemba mbingu zimefungwa. Majira yetu ya kuvuka ndiyo hayo, kiangazi, na zile nyuzi 13 za alfajiri ambazo mimi nilizionea huruma huenda ndizo zinazomtuliza mtoto ndani ya yai asubiri. Povu limetengenezwa kwa ajili ya upepo na jua. Halikutengenezwa kwa ajili ya panga.

Na kiangazi ndipo tunapokuwa wasafi. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Mvua zikiisha, kila mtu anaona "pori" kwenye kiwanja chake na hapati usingizi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, ua unanyolewa mpaka unabaki kama meno. Majani yanafagiliwa mpaka udongo unang'aa, vijiti vinakusanywa kwenye kona, na jioni moshi mtaa mzima. Mpitaji anasifia: mama fulani msafi. Hakuna ubaya kufagia mbele ya mlango, hata mimi ni mtu wa fagio la chelewa. Lakini lile rundo la vijiti lililochomwa Julai ndilo lililokuwa limebeba Desemba. Halafu mvua zinakuja, mchicha unashambuliwa, mahindi yanatobolewa na viwavijeshi, tunakwenda dukani kununua dawa.

Nisieleweke vibaya, vunjajungu si mlinzi wa mahindi. Hachagui. Atakula kiwavi, atakula nyuki, atakula mume wake kama njaa imembana. Anayetaka kuwatunza ili apunguze gharama za dawa atakata tamaa msimu wa kwanza. Mimi nawatunza kwa sababu nimewaua wengi na kwa sababu napenda kuwatazama.

Wazo la kitambaa sikulitoa kwenye vitabu. Nina jirani, bibi wa Kigogo, ana shamba la zabibu njia ya Mpunguzi. Yeye ndiye aliyenifundisha kuitikia "mbukwa" bila kucheka. Siku moja nilimsindikiza shambani wakati wa kupogoa. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka kwa sababu hupogolewa mara mbili, na kila mara fito zinazokatwa hupelekwa pembeni zikachomwe ili magonjwa kama ubwiri unga yasijifiche humo. Nikaanza kupekua rundo la fito.

"Unatafuta nini, mjukuu wangu?"

"Mayai ya wadudu, bibi."

"Ofisini wamekufukuza?"

Nilipata vifuko viwili kwenye fito na kimoja kwenye nguzo ya kuegemezea mizabibu. Alivitazama akasema ameviona tangu utoto, hakuwahi kuuliza ni vya nani. Kisha akanipeleka ng'ambo ya shamba, sehemu aliyokuwa analima mtama zamani, akanionyesha visiki. Alikuwa amefundishwa Kisiki Hai, ule utaratibu ambao LEAD Foundation wameusambaza vijijini mkoani hapa: badala ya kung'oa visiki shambani, unachagua machipukizi machache yaliyonyooka, unapogoa yaliyobaki, halafu unafunga kitambaa kwenye yale uliyochagua, ili mchungaji na mwenye shoka wajue kwamba hapa pana mtu. Mkungugu mmoja ulikuwa na utepe wa shuka la bluu kiunoni na ulishanipita kimo.

"Bila kitambaa ni kuni," bibi akasema. "Ukiwa na kitambaa ni mti."

Nilirudi nyumbani nikachana kanga.

Ninachofanya ni kidogo mno, hata naona aibu kukiita kazi. Mwezi wa tano, kabla kijana hajaja, nazunguka ua asubuhi jua likiwa pembeni, maana mwanga wa pembeni huonyesha povu vizuri kuliko wa saa sita. Natazama kwenye matawi, kwenye waya, chini ya ubao wa dirisha, hata kwenye geti. Nikikiona kifuko nafunga kitambaa karibu nacho, si juu yake. Tawi likiwa lazima litoke, nalikata kwa urefu wa shibiri moja na kulifunga kwenye tawi jingine, likiangalia upande uleule lililokuwa linaangalia, usawa wa kiuno au juu zaidi. Chini kabisa kuna sisimizi, na kuku wa jirani ambao hawana mpaka. Kilichobandikwa ukutani sikibandui, maana ukikibandua unakipasua mgongo. Jua la saa tisa nakitafutia kivuli. Kiko nje, kinabaki nje. Sikimwagilii maji, sikipulizii dawa, sikifuniki neti. Neti nilijaribu mwaka mmoja, ikawa mtego wa mijusi.

Sasa vile vitundu vya sindano. Kuna nyigu wadogo sana wa jamii ya Podagrion ambao kazi yao duniani ni hii moja. Jike ana mkia mrefu kama uzi, anaudunga kupitia povu na kutaga ndani ya mayai ya vunjajungu. Watoto wa nyigu wanakula kilichomo, wakikomaa wanatoboa ukuta na kutoka, kila mmoja na tundu lake. Tunutu hawatoboi hivyo, wao hutoka kwa ule mlango wa katikati. Kwa hiyo ukiona kifuko kimetobolewa pembeni kama chekecheo, ujue waliotoka si wale uliowangoja. Mara ya kwanza nilikasirika, nikataka kuvichoma vyote vyenye matundu. Lakini mara nyingi nyigu hawamalizi, wanapata baadhi ya mayai na mengine yanabaki. Nilikiacha kimoja chenye matundu sita, na Desemba kikatoa tunutu kumi na tatu. Sina ugomvi na nyigu siku hizi. Naye ana povu lake la kuvuka kiangazi, ni hilohilo.

Kuna mambo mengine ya vunjajungu ningependa kuyasema na hayahusiani na mayai. Kwamba wengi wao wana sikio moja tu, na liko kifuani, katikati ya miguu, na hulitumia kusikia milio ya popo ambayo sisi hatuisikii. Kwamba Idolomantis diabolica, mmoja wa wakubwa kabisa duniani, ambaye akitishika anafungua mikono yenye rangi kama ua, ni mwenyeji wa Tanzania, na wafugaji wa Ulaya wanamtafuta kwa udi na uvumba. Mimi sijawahi kumwona kwenye michongoma yangu. Ninao wa kijani, wa kahawia, na mmoja mwembamba kama njiti ya kiberiti ambaye hukaa kwenye nyasi.

Kijana wa ua alimaliza saa nne. Alikata vizuri, ila kila penye kitambaa alizunguka kwa mbali sana, kwa heshima au kwa woga, na sasa ua wangu una vishungi vitano vimesimama kama kichwa cha mtoto aliyemkimbia kinyozi. Nikamlipa. Akahesabu, akazitia mfukoni, halafu akauliza, sauti ya chini, "Mama, kwa hiyo kweli si mambo yale?"

"Mambo gani?"

"Basi tu."

Hiyo ilikuwa mwezi wa tano. Leo ni katikati ya Novemba, kitambaa kimoja kimepauka mpaka wekundu wake umekuwa wa waridi, kingine mbuzi amekila. Vifuko vinne bado vipo, kimoja kina tundu moja upande wa kushoto. Mama amepiga simu kutoka Tanga akauliza kama bado ninao, nikasema ndiyo, wako nje, akasema basi asante Mungu. Jana jioni mawingu yalijikusanya upande wa kusini, yakanguruma kidogo, upepo ukaleta harufu ya udongo wa mahali pengine. Nikatoka na tochi nikakagua vyote vinne. Haikunyesha.